Kodi ya kichwa, tiketi ya treni na saini yangu

Jana usiku nimekesha tena na maandishi ya Henry David Thoreau, mwandishi Mmarekani wa karne ya 19. Wengi wanamkumbuka kwa kile kibanda chake kando ya bwawa la Walden, karibu na mji wa Concord, Massachusetts, alikohamia tarehe 4 Julai 1845 akakaa miaka miwili na ushei. Kiwanja kilikuwa cha rafiki yake, mwandishi Ralph Waldo Emerson. Mbao alizipata kwa kununua kibanda cha kibarua wa reli na kukibomoa. Gharama zote aliziandika, jumla dola 28 na senti 12 na nusu. Hiyo nusu senti inanigusa kuliko maneno yake mengi mazuri. Anayejua kwa usahihi huo nyumba yake imemgharimu nini, anajua pia ni siku ngapi za maisha yake ameziuza ili aipate.

Julai 1846 alitoka pale kwenda mjini kuchukua kiatu kwa fundi, akakamatwa. Miaka kadhaa alikuwa hajalipa kodi ya kichwa, kwa sababu hakutaka fedha yake iende kwa serikali inayolinda utumwa, na mwaka huo Marekani ilikuwa imeingia vitani na Meksiko. Kodi ya kichwa wazee wetu wanaijua. Babu alitusimulia jinsi wanaume walivyolala porini watoza kodi walipofika kijijini. Wao walikimbia kwa kuwa hawakuwa nayo. Thoreau angeweza kuipata, akakataa kuitoa, akangoja akamatwe.

Alilala gerezani usiku mmoja tu, mtu akamlipia. Wapo wanaombeza kwa hilo. Mimi huwa nawaomba wasome alichoandika katika shajara yake tarehe 1 Oktoba 1851. Wakati huo sheria ya mwaka 1850 ilikuwa inafanya kazi: mtumwa akitoroka, raia wanatakiwa kusaidia kumkamata, na anayemficha anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi 6. Mtu aliyetoroka utumwa Virginia alifika Concord kwa miguu kutoka Boston. Akina Thoreau wakamlaza nyumbani kwao, akasubiri humo hadi nauli ya kumfikisha Kanada ilipochangwa. Mchana Thoreau akaenda stesheni kumkatia tiketi. Akamwona mtu pale anayefanana mno na polisi wa Boston. Hakuikata. Akageuka, akaja kumpandisha treni jioni.

Nimerudia mistari hiyo mara nne. Hakuna hotuba ndani yake. Kuna mtu ndani ya nyumba anayesubiri nauli, na mwenzake anayetazama sura za watu stesheni.

Nimeisoma hivyo kwa sababu yangu. Mwaka juzi, mahali ninapofanya kazi, niliwekewa mezani fomu ya kupokea vifaa ambavyo havikuwahi kuletwa. Nilijua. Bosi alisimama pembeni, akasema, “Saini tu, ndugu yangu, mambo yaende.” Nikasaini. Nilikuwa na mkopo wa benki, marejesho yanakatwa kwenye mshahara kila mwezi, na nilichoukopea ni gari ambalo sikulihitaji. Wakati kalamu iko mkononi sikuwaza haki wala dhambi. Niliwaza tarehe 25.

Thoreau aliliona hili mapema: watu huogopa kuiasi serikali kwa kuhofia yatakayozipata mali na familia zao. Kwa hiyo kibanda na gereza kwangu ni habari moja. Asingeishi na kidogo, asingethubutu kukataa.

Gari nimeliuza Februari. Mkopo umekwisha mwezi uliopita, na sasa naenda kazini kwa daladala, naamka saa kumi na moja. Mke wangu ndiye aliyeshika daftari la hesabu za nyumbani, anaandika hadi nyanya.

Jumatatu imeletwa fomu nyingine kama ile. Leo ni Ijumaa. Iko kwenye droo yangu, sijaisaini.