Ndege ikidunda

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii sina somo lenye vichwa na vipengele, nna stori ya mpwa wangu tu, imeninyima usingizi hivyo mnivumilie.

Wengi mnamjua, ndo alikuwa anapiga kinanda hapa Chumbageni kabla hajaenda kusomea urubani. Sasa mwezi uliopita akiwa peke yake kwenye kandege ka mazoezi, Cessna 172, kapiga ranwei na pua. Mungu ni mwema, kachubuka goti tu, ila tairi la mbele lilikatika na pangaboi likajikunja ncha, na kumbe pangaboi likigonga chini inabidi na injini ifunguliwe ikaguliwe, mambo makubwa. Kaja Tanga kupumzika, haongei na mtu. Jumamosi nikamtoa tukakae Raskazone, kusi linavuma balaa, ndo akafunguka.

"Mjomba nilikuja na spidi kubwa, ikagusa ikadunda. Pale pale nilitakiwa niweke moto wote nipae, nikazunguke nije upya."

Sasa mbona hukupaa? Akanyamaza weee. Kumbe alishazunguka mara mbili tayari, mkufunzi kasimama nje anaangalia na wanafunzi wenzie wapo, akaona ya tatu ni aibu. Basi akasukuma usukani mbele ili ikae chini kwa lazima. Anasema hapo ndo wengi wanapoharibu, maana kishindo kinabebwa na yale matairi mawili makubwa, la mbele halijatengenezwa kwa kazi hiyo, ukisukuma linatangulia lenyewe kugonga, linakurusha juu tena, na mkono wako unakuwa nyuma ya ndege kila mara, wewe unasukuma kumbe yenyewe ishaanza kushuka. Kudunda mara ya tatu likaachia.

Nikamkumbuka mfalme Sauli pale Gilgali, 1 Samweli 13, alipoambiwa amngoje nabii Samweli aje kutoa sadaka. Huyu mtu nimeshamhubiri vibaya mara nyingi, namfanya kama mkaidi tu. Alisubiri siku saba jamani! Adui zake Wafilisti wamejaa Mikmashi, jeshi linamtoroka, Samweli haonekani, akatoa sadaka mwenyewe, na alipomaliza tu Samweli huyo anatokea. Ila angalia anavyojitetea, cha kwanza kabisa anataja watu, niliona watu wanatawanyika. Na sura ya 15 bado yuko hapo hapo, anakiri kosa halafu anaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Macho ya watu hayo.

Na mimi nani nimcheke. Harusi ya binti yangu dalili tuliziona mapema, mama yake alisema, mimi nikasema kamati imeshakaa, michango ya watu tumeshapokea, kadi zimesambaa mpaka Muheza na Korogwe, tunarudije nyuma? Leo binti yuko nyumbani na mtoto. Sijawahi kulisema hili kwenye kikundi.

Kabla hatujaondoka nikamuuliza, hivi ungezunguka hiyo mara ya tatu wangekufanyaje? Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. "Hamna kitu mjomba. Unawaambia kwenye redio unapaa tena, wanakujibu wamesikia, basi."

Anarudi Jumatatu, mumuombee. Na kinanda Jumapili hii atapiga yeye, wanakwaya msichelewe.