Nilivyoipasisha dizeli yangu MOT bila kutoa DPF

Dizeli yangu ilipokuwa inasumbua kupita MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka hapa Uingereza, watu watatu tofauti hapa Leicester waliniambia neno moja: "Dada, litoe hilo dude." Dude lenyewe ni DPF, lile chujio la masizi lililo kwenye bomba la moshi la magari ya dizeli. Wa kwanza alikuwa fundi, wa pili shemeji yangu, wa tatu mtu tu niliyekaa naye msibani akanisikia nalalamika. Ningewasikiliza, leo gari lingekuwa limelala uani na pauni zangu zimekwenda. Bado nina hasira nao, ndiyo maana naandika.

Gari langu ni stesheni wagoni ya 2010. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kwa hiyo kutwa nzima ni maili moja huku, maili mbili kule, nazima, nawasha. Sikujua kuwa hiyo ndiyo sumu ya dizeli hizi. Chujio linakamata masizi, halafu kila baada ya muda injini inachoma mafuta ya ziada ili joto lipande kwenye digrii 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka kama robo saa au zaidi ya mwendo wa kasi usiokatika. Mimi nilikuwa nazima gari ndiyo kwanza linaanza kujisafisha, na yale mafuta ya ziada yanateremkia kwenye oili. Siku nilipochomoa kijiti cha kupimia, oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, na inanuka dizeli. Ukikuta oili imeongezeka na wewe hukuongeza, imwage siku hiyohiyo. Inaweza kuua injini.

Nilipeleka gari MOT wiki tatu kabla ya cheti kuisha. Unaruhusiwa kupima mapema, mwezi mmoja kasoro siku moja, na tarehe yako ya mwaka haibadiliki. Ukifeli, cheti cha zamani kikiwa bado hai na hujaandikiwa kasoro ya hatari, unaendelea kuliendesha. Hilo ndilo lililoniokoa, maana lilifeli: taa ya injini ilikuwa inawaka. Tangu Mei 2018, taa hiyo peke yake inaangusha dizeli zote zilizoanza kutumika kuanzia Julai 2008.

Nikaanza na dawa ya kusafisha chujio, ile ya kumimina kwenye tanki, chupa ya pauni kumi na kitu. Shemeji akasema dawa haitoshi, niende M1, ile barabara kuu ya mwendo wa kasi, nikakanyage mafuta. Nikaenda Jumamosi alfajiri kabla ya zamu. Nimefika mbali kidogo tu kuelekea Northampton, gari likawa zito ghafla kama limefungwa jiwe. Nakanyaga, halijibu. Lori moja baada ya jingine yananipita huku nimewasha taa za hatari, mikono inatetemeka. Nilirudi taratibu kwa barabara za vijijini. Mzee wangu wa kwanza siku ile alichelewa chai yake kwa saa nzima, na jambo hilo liliniuma kuliko pesa. Nikanunua kifaa cha kufutia makosa ya kompyuta, nikafuta. Taa ikarudi kabla sijafika madukani Fosse Park.

Hapo ndipo nilipomwendea fundi. "Dada yangu, usijitese. Nalikata, natoa matumbo yote, naunga tena, nafuta kwenye kompyuta. Mkaguzi akiona ganda lipo, amemaliza." Alitaka kama pauni mia tatu, na nilikuwa tayari kuzitoa.

Kilichonizuia ni kusoma. Mwongozo wa wakaguzi wa MOT uko wazi kwenye tovuti ya serikali, mtu yeyote anausoma. Tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na DPF likikutwa halina, linafeli. Tangu Mei 2018 mkaguzi akiona ganda limekatwa na kuungwa, anakuangusha mpaka uthibitishe lilifunguliwa kwa sababu halali, kama kusafishwa. Na gari lenye DPF likitoa moshi unaoonekana, wa rangi yoyote, limefeli pia. Nje ya MOT, kuendesha gari lililotolewa chujio ni kosa, faini yake kwa gari dogo inafika pauni 1,000. Hayo yote fundi hakuyataja.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia. Kompyuta ya gari haiyaoni masizi. Inachopima ni tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya chujio, kupitia sensa ndogo yenye mipira miwili inayoshuka mpaka kwenye bomba la moshi. Nikajiuliza: je, kama sensa inadanganywa? Jumapili baada ya kanisa nikafungua boneti, nikamulika kwa tochi ya simu. Kwenye bati jeupe la kukinga joto, chini ya mpira mmoja, palikuwa na doa jeusi kama chini ya sufuria ya kuni. Nikamwambia mwanangu awashe gari na kukanyaga mafuta kidogo, mimi nikashika kipande cha karatasi ya chooni karibu na ule mpira. Karatasi ikapepea. Alipoachia, ikatulia. Akikanyaga, inapepea. Mpira ulikuwa na mpasuko wa urefu wa punje ya mchele! Kompyuta ilikuwa inapata vipimo vya uongo, ikasitisha kujisafisha.

Mpira wa silikoni unaostahimili joto haukufika pauni kumi na tano. Usiweke mpira wa kawaida wa mafuta, utayeyuka. Nikabadilisha oili kwanza, ile yenye majivu kidogo, kwa sababu masizi huungua lakini majivu ya oili hubaki humo milele. Kisha nikarudi M1, gia ya nne, mshale wa mizunguko ya injini juu ya 2,000, nusu saa. Niliposimama, feni ilikuwa inavuma na harufu ya chuma cha moto imejaa. Taa haikurudi.

Nilirudi kituo kilekile ndani ya siku kumi za kazi, nikalipa nusu ya ada. Kabla ya kuingia nilizunguka na gari dakika ishirini, maana kipimo cha moshi kinataka injini iwe ya moto. Kikomo cha moshi kwa gari la umri wa langu ni 1.5, pengine pungufu kama kibao cha kiwanda kinasema hivyo. Mkaguzi akachomeka kijiti kwenye bomba, akapiga resi. Ilisoma 0.02. Nilipitisha karatasi nyeupe ndani ya mdomo wa bomba, ikatoka karibu safi. Fanya hivyo kabla ya kununua dizeli ya aina hii kwa mtu: ikitoka nyeusi tii, chujio limepasuka au halimo.

Siku hizi kila Alhamisi baada ya zamu napita barabara kuu ya A46 dakika ishirini na tano kabla ya kurudi nyumbani. Shemeji, ambaye chujio lake lilishakatwa, juzi kaniomba ile karatasi ya mwongozo wa wakaguzi. MOT yake ni mwezi ujao.