Pama tatu na kalibu moja: kumbukumbu ya msimu huu wa baridi

Mradi wenyewe ni huu: kutafuta kofia za felti kwenye mitumba ya Moshi, kuzisafisha, kuzirudishia umbo na kuzivaa. Za kupanga kabatini sizitaki. Baridi ya Juni imeshashuka kutoka mlimani, wazee wametoa makoti, na sasa ndio wakati wa kuvaa pama ya felti kutwa nzima bila kutokwa jasho. Mambo yamesogea sana tangu Pasaka, ndiyo maana naandika.

Stetson ya Memorial

Niliipata soko la Memorial, kwa mama mmoja anayeuza mikoba na mikanda. Kofia zinazotoka kwenye robota huwa anaziweka pembeni, kwani wateja wake hawaziulizii. Hii ilikuwa imebanwa mpaka ikawa bapa, rangi ya kahawia, utepe umefifia upande mmoja. "Kaka, lete elfu kumi na mbili, hiyo ni gredi ya kwanza." Tukaelewana kwa Sh 8,000.

Nilipoishika tu nilijua si sufi ya kondoo. Felti ya sufi ni nene, inakwaruza kidogo, na ukiikunja hurudi ilivyokuwa. Felti ya manyoya ya sungura au biva, yule mnyama wa mitoni mwenye manyoya mazito, ni nyembamba lakini imeshikana barabara. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inakubali, na malaika yake, yaani vinyweleo vya juu, yamelala upande mmoja. Haikufumwa wala haikushonwa. Kila unyoya una magamba madogo mno, na ukipata maji ya moto na kushindiliwa, magamba hayo hushikana yasiachane tena. Ndiyo sababu felti nzuri hustahimili kukandamizwa ndani ya robota na bado ikafufuka.

Nyumbani nikageuza ule mkanda wa ngozi wa ndani, unaokaa kwenye paji la uso. Siri zote za kofia kuukuu ziko hapo. Juu ya ngozi kuna mhuri wa dhahabu wa Stetson, kampuni ya kofia ya Marekani, na jina la mji wa Philadelphia chini yake. Nyuma ya ngozi nikakuta kikaratasi cha saizi, 7 1/4, yaani sentimita 58, na lebo ya chama cha wafanyakazi: United Hatters, Cap and Millinery Workers. Chama hicho kilizaliwa mwaka 1934 baada ya vyama viwili kuungana. John B. Stetson alianza kutengeneza kofia Philadelphia mwaka 1865, na kiwanda cha huko kilifungwa mwaka 1971. Kwa hiyo kofia yangu ni ya kati ya 1934 na 1971.

Mwaka una kazi yake, wala sikuutafuta kwa ajili ya kujisifu. Zamani watengenezaji walipaka manyoya ya sungura dawa yenye zebaki ili yashikane upesi. Wafanyakazi waliivuta hewa hiyo wakaugua. Mji wa Danbury, Connecticut, uliojaa viwanda vya kofia, ulijulikana kwa mafundi waliotetemeka mikono. Marekani iliacha kutumia zebaki kwenye felti Desemba 1941. Kofia yangu inaweza kuwa ya kabla ya hapo, kwa hiyo mvuke wote nimeupigia uani, hewa ikipita, watoto wakiwa ndani, na mikono nikanawa kwa sabuni kila nilipoiweka chini. Yeyote mwenye kofia ya umri huo namsihi afanye hivyohivyo, asisimame juu ya birika jikoni mlango umefungwa.

Kalibu

Umbo bila kalibu, yaani kichwa cha mbao cha kuvishia kofia, ni kubahatisha. Nilimwendea fundi seremala wa Njoro na vipimo: duara la yai, urefu sentimita 20, upana 17, mzunguko wake utoke 58. Akagundisha vipande vya msonobari, akachonga, akapiga msasa mpaka mkono ukateleza. Juu akaacha mviringo kama nilivyomwomba, kwa sababu bonde la katikati hutiwa kwa mkono, baadaye.

Kabla ya kuivisha kalibu niliisafisha. Wanga wa mahindi ulinyunyizwa kwenye madoa ya mafuta, ukalala nayo usiku kucha, asubuhi ukabrashiwa kwa brashi laini kufuata malaika yalivyolala. Doa la juu ya utepe limetoka karibu lote. Utepe wenyewe niliutoa, mkanda wa ngozi nikaugeuza nje na kuupitishia kitambaa chenye sabuni ya glisarini, maana ulikuwa umeanza kukauka.

Halafu mvuke. Felti ikishiba mvuke unaihisi: inalegea ghafla mkononi. Hapo hapo unaivuta juu ya kalibu, unafunga uzi wa katani pale kichwa kinapokutana na ukingo, unausukuma chini taratibu ukizunguka, kisha unaacha. Mikunjo ya robota ilipotea mbele ya macho yangu, mmoja baada ya mwingine. Ukingo niliulaza mezani, kitambaa cha pamba chenye unyevu juu, pasi ya moto wa wastani. Usiburuze pasi, ibonyeze na kuinua. Ilipokauka kabisa nikaipiga mvuke kidogo tena, juu tu, nikatia bonde kwa kiganja na mabonyeo mawili mbele kwa vidole. Haijarudi nyuma hata kidogo.

Akubra ya kaka

Kaka yangu anaishi Brisbane, na Pasaka alikuja na Akubra Cattleman mpya, zawadi yangu. Akubra hutengenezwa Kempsey, New South Wales, kwa manyoya ya sungura. Sungura wa porini walisambaa Australia baada ya mlowezi mmoja kuwaachia huko Victoria mwaka 1859, wakageuka janga la mashamba. Kofia ni moja ya faida chache walizoleta.

Nimezivaa zote mbili kwa kupokezana, na ubishi wa "za zamani ndizo kofia" sasa siukubali. Stetson yangu ni nyembamba kwa sababu ilikusudiwa mtu wa mjini mwenye suti. Cattleman ni nzito na ngumu, imetiwa dawa ya kuikaza, kwa sababu ni ya mtu wa ng'ombe. Siku ile mvua ilitukuta njia ya Kibosho, maji yalitiririka kwenye ukingo, nywele zangu zikabaki kavu. Stetson isingependa. Muulize muuzaji kofia ilitengenezwa kwa kazi gani kabla hujamuuliza ni ya mwaka gani.

Za wenzangu

Mwenzangu wa Nairobi amepata Christys' ya kijivu Gikomba, kampuni ya London ya tangu 1773, na bitana ya ndani haijachanika. Namwonea wivu kwa bitana ile.

Iliyonigusa zaidi ni ya babu mmoja wa Machame, mwenye terai ya safu mbili: felti juu ya felti, kofia mbili zimeshonwa kuwa moja ili jua lisipenye. Walowezi wa Kenya na wa mashamba ya kahawa ya huku kaskazini walizivaa sana. Yeye aliachiwa na bwana shamba, akaivaa kanisani miaka mingi. Nondo wameila. Nilipomaliza shikamoo alinikabidhi kwa mikono miwili: "Mjukuu wangu, matundu ziba. Rangi usiiguse."

Kwanza nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye friza, mayai na viwavi wafe. Matundu yanazibwa kwa felti yenyewe: unasugua msasa laini mahali pasipoonekana, chini ya utepe, unakusanya vumbi lake la manyoya, unalichanganya na gundi kidogo, unajaza kwa ncha ya sindano, unalifuta likikauka. Nimejaribu kwenye kipande cha kofia iliyokwisha, na rangi imeshika vizuri.

Kinachonikwamisha ni utepe wa Stetson. Maduka ya Moshi yana satini tu, nayo haipindi kufuata duara hata ukiipiga pasi. Nahitaji ule wa mistari midogo ya kukatiza, wa pamba au reyoni, upana sentimita 4, kahawia iliyokoza, mita moja. Anayejua duka Kariakoo au Arusha aniambie, nauli ya kuutuma kwa basi nitalipa mimi.