Barua ya mwenyekiti

Leo nimemsindikiza dada mmoja mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo, mgeni hapa kwetu Katwe, Kampala, hadi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa. Karatasi zake za ukimbizi kutoka OPM, Ofisi ya Waziri Mkuu, alizishika kwa mikono miwili, kana kwamba upepo ungezichukua. Mwenyekiti akampa kiti kwanza. Akamuuliza watoto ni wangapi, wanasoma wapi, kisha akaliandika jina lake kwenye daftari la wakaazi. Lile daftari! Mwaka 2012 nami niliandikwa hivyohivyo, na usiku ule ndipo nilipata usingizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu sisi wakimbizi kufanya kazi, lakini mwenye nyumba, kabla hajakupa ufunguo, anataka barua ya LC. Kesho tunawatafutia watoto shule.