Kanga kwenye geti la Sesriem

Jua la Dar es Salaam ndilo lililoniponza. Nimezaliwa na kukulia Temeke, na tangu utotoni najua jua linachomoza saa kumi na mbili na kitu. Mwezi wa saba linachelewa kidogo, mwezi wa kumi na moja linawahi, lakini tofauti yake haifiki hata saa moja. Kwa hiyo katika miezi kumi na moja niliyopanga safari ya Namibia niliuliza kila kitu, ila sikumuuliza mtu yeyote kwamba huko kwao jua linatoka saa ngapi.

Mimi napiga picha za harusi, send-off na kipaimara. Kazi inanilisha na ninaipenda, lakini kwa miaka mingi nilikuwa na hamu ya mahali pamoja: Deadvlei, ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft. Ni sakafu ya udongo mweupe iliyopasukapasuka, imezungukwa na vilima vya mchanga vya rangi ya machungwa, na katikati yake imesimama miti mikavu, myeusi kama mkaa. Zamani mto Tsauchab ulikuwa ukifika pale. Mchanga ukaja ukaziba njia ya maji, migunga ikafa, na inakadiriwa kuwa imepita miaka mia sita au zaidi. Haijaoza kwa sababu hewa ni kavu mno, jua limeibabua tu. Anayetaka picha nzuri afike mapema, wakati kilima cha nyuma kimeshapigwa na jua ila miti bado iko kivulini. Dakika hizo ni chache, na mimi nilikuwa nazitafuta hizo tu.

Nikaanza kuweka akiba. Kariakoo nilinunua betri mbili za ziada na stendi ya kamera, na muuzaji hakushusha hata mia tano. Koti la baridi nililipata kwenye mitumba ya Karume kwa elfu kumi na tano, zito kama godoro. Tanzania na Namibia hatudaiani viza, hapo nilipumua. Kilichoniuma ni malazi. Wakala niliyempata mjini alinihakikishia kwamba kambi yangu "iko getini kabisa", akachukua hela ambayo ningelipia kodi ya miezi minne. Mama yeye hakutoa ushauri wowote. Aliniletea kanga moja kutoka kwenye doti yake, akasema nifungie kamera, mchanga usiingie. Jina lake: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Dar hadi Johannesburg, Johannesburg hadi Windhoek, sina la kusimulia. Windhoek nikakodi gari dogo kwa sababu la kuvuta magurudumu manne lilikuwa karibu mara mbili ya bei. Barabara ya kwenda Sesriem, penye geti la kuingilia Deadvlei, sehemu kubwa ni changarawe, imejaa mawimbi, meno yanagongana mpaka unachoka. Nilipata pancha moja kabla ya kijiji cha Solitaire. Chupa ya maji huko inauzwa bei ya soda tatu za Dar. Nikafika jioni, nikalala.

Nikaamka saa tisa na nusu usiku. Saa kumi na moja kamili nilikuwa wa kwanza kwenye geti la Sesriem, nikijua kwamba baada ya muda wa saa moja hivi kutakuwa na mwanga. Kulikuwa na giza la kaburini na baridi ya kukata masikio. Mtu wa Dar anaijua baridi ya Lushoto au ya Makambako. Hii ilikuwa ya namna nyingine, inapenya kwenye soli za viatu. Nikawasha injini nipate joto, nikaizima nikikumbuka bei ya mafuta. Saa kumi na mbili ikafika, giza lile lile. Nikadhani saa yangu imeharibika.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini nikaona taa za magari. Hazikutoka nyuma yangu. Zilikuwa mbele, ndani ya uzio, zimeongozana kama siafu kuelekea jangwani. Nikashuka kumuuliza mlinzi. Akanieleza taratibu kwamba waliolala kwenye kambi ya ndani hufunguliwa muda wa saa moja kabla ya jua kuchomoza. Tuliolala nje tunasubiri jua lichomoze. Na jua, mwezi wa saba, linachomoza saa moja na dakika arobaini. Kutoka hapo ni kilomita 60 za lami, kisha kama tano za mchanga mtupu ambazo gari langu lisingeweza. Nilipiga hesabu pale pale nikiwa nimesimama. Picha yangu ilikuwa imeshakwenda. Wakala hakunidanganya kwa neno, kambi kweli ilikuwa getini, ila upande wa nje, na kwa mpiga picha huo ukuta ndio safari yenyewe. Anayepanga kwenda naye aulize hivyo hivyo: nalala ndani ya geti au nje?

Nikarudi kwenye gari, nikajifunga ile kanga mabegani juu ya koti, nikalia.

Mwanga wa tochi ukapita dirishani, ukarudi, ukatua begani kwangu. Nikasikia mtu anasoma pole pole, kama mwanafunzi wa darasa la pili: "Ja-po si-pa-ti... ta-maa si-ka-ti."

Nikashusha kioo. Alikuwa mzee wa kama miaka sitini hivi, amevaa kofia ya sufu, dereva wa basi dogo la watalii lililokuwa nyuma yangu.

"Dada, kanga hii umeitoa wapi?"

"Shikamoo," nikasema. Sikufikiri, ilitoka yenyewe.

Hakujibu mara moja. Alizima tochi kwanza. "Marahaba," akasema kwa sauti ya chini, halafu akarudia, "Marahaba, mwanangu. Miaka mingi sijaamkiwa."

Nikamfungulia mlango aingie, nikammiminia chai ya chupa. Akaniambia yeye ni mtoto wa Kongwa. Nilijua Kongwa ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa 1947 uliokufa, tulisoma shuleni. Nilijua pia kwamba kwenye miaka ya sitini palikuwa na kambi za wapigania uhuru, SWAPO wa Namibia, FRELIMO, ANC na wengine. Nilijua kama mtu anavyojua jibu la mtihani. Kumbe wale vijana walikaa miaka, wakapenda, wakazaa. Baba yake alikuwa mmoja wao, mama yake Mgogo wa pale pale. Namibia ilipopata uhuru 1990 alikuja kumtafuta baba. "Nilikuja kumsalimia tu. Nikaoa, nikabaki." Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kisafi, kina vituo virefu kana kwamba kila neno analitoa kabatini na kulifuta vumbi.

Mama yake alifariki yeye akiwa huku. Nauli haikupatikana, akazikwa bila yeye.

"Una picha yake?" Hilo ndilo swali ninalolijua mimi.

"Alipigwa moja tu, ya kitambulisho. Sijui iko kwa nani." Akanywa chai. "Wewe unapiga picha. Ukipita Kongwa, nipigie nyumba."

"Nitaijuaje, baba?"

Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa ukungu wa pumzi zetu. Akavua glavu, akaanza kuchora kwa kidole. Huu mstari ni barabara inayotoka Mbande. Hapa soko. Hapa unashuka korongoni, maji yapo masika tu. Huu ni mbuyu, una uwazi tumboni, watoto tulikuwa tukijificha humo. Na hapa tembe, mlango unatazama mbuyu. Alipofika kwenye nyumba kidole kikatulia, kikachora mlango kwa uangalifu, mpaka na komeo lake. Ukungu ukaanza kutiririka kwenye pembe ya soko. Nikachomoa kamera kwenye kanga, mikono ikitetemeka kwa baridi, nikamwomba ashike tochi kwa nje ya kioo. Nikapiga fremu saba kabla barabara ya Mbande haijayeyuka.

Geti likafunguliwa, akarudi kwa wageni wake. Kanga nilimpa. Aliikunja ndogo sana, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Deadvlei nilifika saa tatu na robo, baada ya kulipia gari la kutuvusha mchangani, hela nyingine tena. Kivuli kilikuwa kimeshaondoka kwenye miti. Palikuwa pazuri, nisiseme uongo, kimya mpaka unasikia damu masikioni. Nilibadilisha lenzi upepo ukivuma na mchanga ukaingia, pete ya kuzungushia inakwaruza hadi leo. Nina picha mia mbili za pale, na ni zile zile ambazo kila mtu anazo.

Ile ya kioo nimeichapisha kubwa, iko ukutani Temeke. Mama aliitazama muda mrefu, akauliza kwa nini sikumpa yule baba doti nzima. Nimepita njia panda ya Mbande mara nyingi nikienda harusi za Dodoma, na sikuwahi kukata kona. Sasa nimeshapanga: treni ya SGR hadi Dodoma, basi la kurudi hadi Mbande, kisha bodaboda mpaka sokoni, na ramani yangu mkononi. Mwezi wa saba Kongwa jua linachomoza saa moja kasorobo hivi. Safari hii hilo nimeliuliza kwanza.