Wimbi langu liligoma kuyumba

Wiki mbili nzima nilikuwa natazama mstari ulionyooka. Kazi yangu ya uzamili ilikuwa kuonyesha kwa programu kwamba mwanga wa leza usiokatika, ukipita kwenye faiba ya kawaida (uzi wa kioo unaobeba mwanga) katika urefu wa wimbi wa nanomita 1550, haubaki shwari: vijiwimbi vinaota juu yake, vinakua, mwisho mwanga unakatikakatika kuwa mapigo. Watafiti Tai, Hasegawa na Tomita waliyaona hayo maabara mwaka 1986. Mimi na kompyuta yangu, hola.

Kaka mmoja aliyetutangulia akasema, "Ongeza nguvu, dogo." Nikatoka wati 1 hadi 10. Mstari. Mwingine akaona kompyuta imezeeka, nitafute laki nane hivi ninunue nyingine. Asante sana.

Kosa lenyewe ni la aibu. Wimbi nililiweka safi mno, kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Huku kuyumba hukuza mkunjo uliopo. Mkunjo usipokuwepo, kitakuzwa nini? Nikanyunyiza kelele, yaani vitikisiko vya ovyoovyo, sehemu moja ya bilioni ya nguvu. Kufika kilomita 6, kwenye grafu ya masafa (mitetemo kwa sekunde) pembe zikachomoza pande zote mbili za masafa ya leza. Nilishangilia hadi chumba cha pili wakagonga ukuta.

Ila pembe zilikuwa nyingi mno. Kwa wati 1 na faiba ile, hesabu ya karatasi inaziweka gigahezi 56 kutoka katikati. Hizo nilikuwa nazo. Halafu kulikuwa na nyingine huko nje, ya kwanza kwenye 135 hivi, zimenona vilevile. Nikajua nimegundua jambo. Kichwa cha makala nilishakiandika!

Kilichoniokoa ni kubadili hatua ya hesabu, yaani kipande cha faiba ambacho programu inakokotoa kwa mkupuo mmoja, kutoka mita 500 hadi 400. Za 56 hazikusogea hata chembe. Ya 135 ikahamia karibu na 150. Faiba gani inajua mimi napiga hatua za mita ngapi? Zilikuwa zimezaliwa na programu. Na usigawe hatua kwa mbili kamili, maana baadhi ya pembe za uongo zinaangukia palepale pa zamani, unaziamini. (Alama ya mtawanyiko, ile β2 inayoeleza rangi za mwanga zinavyoachana mwendo, iwe hasi, jamani. Ikiwa chanya utasubiri mpaka mvi.)

Siku hizi natumia mita 10. Juzi yule kaka wa "ongeza nguvu" kaniomba programu. Nimempa, hatua nimemrudishia mita 500.