Jioni Niliyomlilia Rafiki Yangu

Mwanzoni mwa mwaka 2016 nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee jimboni Minnesota, Marekani, na mmoja wa wazee niliowahudumia alikuwa amepigana vita vya Korea akiwa kijana. Kila siku baada ya chakula cha jioni alitaka runinga yake iwekwe kwenye stesheni iliyokuwa ikirudia tamthilia za zamani, hasa M*A*S*H, inayosimulia maisha ya madaktari na wauguzi wa jeshi la Marekani katika hospitali ya mahema huko Korea. Tamthilia hiyo ilidumu miaka 11, kuanzia 1972 hadi 1983, ilhali vita vyenyewe vilidumu miaka 3. Ni ya kuchekesha, nami niliisikiliza kwa sikio moja huku nikimpima mzee presha au nikimfunga vifungo vya nguo za kulalia.

Tarehe 15 Januari mwaka huo, kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na Al-Shabaab. Rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza alikuwa humo. Habari za kifo chake zilinifikia kwa simu. Nikatuma rambirambi, nikazungumza na mama yake, kisha nikarudi kazini bila kutoa chozi. Wazee wetu walipofariki nililia, hata wale niliowahudumia kwa muda mfupi, kwa kuwa nilikuwa nimewaosha na kuwafunika shuka kwa mikono yangu. Kifo cha rafiki yangu sikukiona. Kilikuwa sauti ya simu tu, na moyo wangu haukujua ukishike wapi.

Sehemu ya M*A*S*H iliyoonyeshwa jioni niliyomlilia hatimaye ni ya 17 ya msimu wa kwanza, ambayo Wamarekani waliitazama kwa mara ya kwanza tarehe 28 Januari 1973, siku moja tu baada ya mkataba wa kumaliza vita vya Vietnam kutiwa saini mjini Paris. Daktari wa upasuaji Hawkeye Pierce, anayeigizwa na Alan Alda, anatembelewa na rafiki yake wa zamani, mwandishi wa habari aliyejiunga na askari wa miguu ili aandike kitabu kuhusu vita kama askari wa kawaida anavyoviona. Wanakumbatiana, wanacheka, wanaagana. Baadaye rafiki huyo analetwa akiwa amejeruhiwa, na anafia mezani, mikononi mwa Hawkeye mwenyewe.

Hapo niliacha kifungo nilichokuwa nimekishika. Hawkeye anatoka nje akilia, na anamuuliza mkuu wake, Henry Blake, kwa nini hakuwahi kuwalilia vijana wengine wote anaowaona wakifa karibu kila siku. Henry anakiri kwamba angekuwa na jibu angekuwa akifanya kazi Mayo Clinic, hospitali maarufu ambayo iko papa hapa Minnesota. Alichofundishwa jeshini ni kanuni mbili tu: kwamba vitani vijana hufa, na kwamba madaktari hawawezi kuibadilisha kanuni hiyo ya kwanza. Ninachokienzi zaidi ni kinachofuata, kwa sababu waandishi hawakumwacha Hawkeye akae na machozi yake. Anakwenda kumripoti mgonjwa mmoja, mvulana wa miaka 15 aliyedanganya umri ili apigane, naye mvulana anaapa kutomsamehe kamwe. Hawkeye anaikubali chuki hiyo, mradi mtoto arudi kwao akiwa hai.

Nilikuwa nimeinamisha uso, lakini mzee alikuwa ameniona. Alipunguza sauti ya runinga, akaniuliza nimefiwa na nani. Nilipomtajia Somalia hakuuliza ni vita vya nani wala vilianza lini; aliuliza rafiki yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikaanza kumsimulia jinsi alivyokuwa akinibebea viatu tulipovuka mto kwenda shuleni, vyangu upande wa kulia na vyake upande wa kushoto vikiwa vimefungwa pamoja kwa kamba na kuning'inia shingoni mwake, na katikati ya maneno hayo kilio kikanitoka kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Mzee hakuniambia ninyamaze. Alinieleza kwamba yeye pia alirudi kutoka Korea akiwa na macho makavu, na kwamba alilia siku alipokwenda kuwaona wazazi wa mwenzake aliyeuawa, mama wa mwenzake huyo alipomwekea chakula na kumkalisha kwenye kiti cha marehemu.

Kengele ya chumba cha jirani ikalia, ikalia tena. Nikajifuta uso kwa mkono wa sare. Mzee akaniambia niende, kwani yeye hakuwa na haraka ya kulala, na nikimaliza nirudi nimweleze mto huo unaitwaje na tulikuwa tukiuvuka vipi wakati wa masika.